Eddie Robinson: kocha au mwalimu?

Mwaka huu, katika semina ya tafsiri, kila mmoja wetu alitakiwa kuchagua maisha ya mtu yaliyoandikwa kwa Kiingereza na kuyasimulia upya kwa Kiswahili. Wenzangu walichagua waandishi na wanasiasa. Mimi nilimchagua Eddie Robinson, aliyefunza timu ya mpira wa Kimarekani katika chuo cha Grambling, jimbo la Louisiana, tangu 1941 hadi 1997. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama nimekosa mtu wa maana. Makala hii ni jibu langu kwake, na pia kwa walimu wetu ambao huenda wakajiuliza mpira unatafuta nini ndani ya jarida la kitivo cha lugha.

Ugumu ulianza kwenye neno linalotaja kazi yake. Hapa kwetu mtu anayefunza timu huitwa kocha. Wengine, wakichukua Kifaransa, husema antrenere. Nchini Tanzania watangazaji humwita pia mwalimu. Katika rasimu yangu maneno mawili, kocha na mwalimu, yalikuwa yakipishana ukurasa kwa ukurasa, na asistanti wa semina akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: chagua moja, ueleze sababu. Kueleza sababu kumenichukua muda mrefu kuliko tafsiri yenyewe, maana ilinibidi niulize kazi ya mtu huyu ilikuwa nini hasa.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa kuwa kwetu haujulikani sana. Mpira wa Kimarekani una umbo linalokaribia la yai, na huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Timu mbili, kila moja ikiwa na watu 11, hupambana kwenye uwanja wa yadi 100, yaani mita 91 na kitu. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Karibu kila jaribio hupitia mikononi mwa mtu mmoja anayeitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayewapa wenzake maagizo, ndiye anayesoma jinsi wapinzani walivyojipanga, na ndani ya sekunde chache anaamua ampe nani mpira au amrushie nani. Ninaomba msomaji aikumbuke kazi hii ya kwotabeki, maana nitairudia.

Jambo la pili ni kwamba huko Marekani mchezo huu ni mali ya vyuo vikuu sawasawa na ligi za kulipwa. Viwanja vya baadhi ya vyuo huchukua watu zaidi ya 100,000. Kocha ni mwajiriwa wa chuo, na katika vyuo vikubwa vya leo mara nyingi hulipwa kuliko rekta. Robinson hakuanzia huko.

Alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji mdogo wa Jackson, Louisiana. Baba yake alilima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno. Mama yake alifanya kazi katika nyumba za watu. Kijana alimaliza sekondari mjini Baton Rouge mwaka 1937. Wakati ule utengano wa rangi ulikuwa sheria: Weusi walikuwa na shule zao, viti vyao na milango yao. Chuo kikuu kikubwa cha jimbo kilikuwa mjini humo humo, lakini kilikuwa cha Weupe. Robinson akaenda Leland College, chuo kidogo cha Wabatisti kilichokuwa karibu, na huko akacheza kama kwotabeki chini ya Reuben Turner, aliyekuwa mhubiri na kocha kwa wakati mmoja. Turner ndiye aliyemwonyesha kwa mara ya kwanza kwamba mchezo unaweza kuandikwa kwenye daftari na kufundishwa kama somo.

Alipopata shahada yake mwaka 1941, hakuwa na njia ya kuendelea kucheza kwa mshahara. Tangu 1934 hadi 1945 ligi kuu ya kulipwa, NFL, haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja. Robinson akapata kazi katika kiwanda cha kusaga chakula cha mifugo, kwa senti 25 kwa saa. Mwenye shahada akibeba magunia: picha hii haihitaji maelezo kwa msomaji wa Kongo.

Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 22, aliitwa Grambling, kaskazini mwa jimbo. Shule hii ilikuwa imeanzishwa mwaka 1901 kutokana na juhudi za wakulima Weusi waliotaka watoto wao wasome. Ilikuwa bado ndogo, na hata jina la Grambling College ililipata baadaye, mwaka 1946. Rekta wake, Ralph Waldo Emerson Jones, alimwajiri kwa dola 63.75 kwa mwezi. Kwa fedha hizo Robinson alifunza mpira wa Kimarekani, akafunza pia mpira wa kikapu, wa wavulana na wa wasichana. Alikata majani ya uwanja, akachora mistari, akawafunga wachezaji bandeji kwenye vifundo vya miguu, na mchezo ukiisha aliandika mwenyewe habari yake ya kupeleka gazetini. Timu iliposafiri, mikahawa mingi ya njiani haikuwapokea Weusi, kwa hiyo kocha aliwatengenezea wachezaji mikate ya kula ndani ya basi.

Msimu wa kwanza alishinda michezo 3 na kushindwa 5. Msimu wa pili, mwaka 1942, alishinda yote 9, na hakuna timu iliyopata hata alama moja dhidi ya Grambling.

Ninaposoma orodha ile ya kazi ninamwona mwalimu wangu wa Kifaransa wa sekondari. Shule yetu ilikuwa na nakala moja ya kitabu cha somo. Mwalimu alifika mapema, akanakili kifungu kizima ubaoni kwa chaki kabla hatujaingia, na jioni alifunza kwaya, na siku za mvua alipanda mezani kuzuia karatasi la plastiki lisipeperuke dirishani. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyoandikwa katika barua yake ya kuajiriwa. Sisi tulidhani ndivyo walimu wote walivyo. Baadaye tu nilielewa kwamba alikuwa akijenga shule yenyewe, kipande kwa kipande, ili apate mahali pa kufundishia.

Vita Kuu ya Pili ilisimamisha timu ya chuo mwaka 1943 na 1944. Robinson akafunza timu ya sekondari iliyokuwa hapo hapo Grambling. Husimuliwa kwamba katika msimu wa mavuno baba mmoja aliwaondoa vijana wake kwenye timu ili wachume pamba. Robinson hakwenda kubishana naye. Alifuta mazoezi, akaichukua timu nzima shambani, wakachuma pamba mpaka kazi ikaisha, na vijana wakarudi kucheza. Napenda kisa hiki kwa sababu hakuna mtu anayeshindwa ndani yake. Baba alikuwa na haki ya mavuno yake, na kocha alikuwa na haki ya kumtaka kijana.

Hapa ndipo neno mwalimu lilipoanza kuingia katika rasimu yangu bila kuitwa. Katika bweni la Grambling, Robinson alipita alfajiri akipiga kengele ya mkono ili wachezaji wake waamke kwenda darasani, na siku ya Jumapili kanisani. Aliwataka wavae koti na tai wanaposafiri. Yeye mwenyewe hakuacha kusoma: mwaka 1954 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa, mbali na nyumbani. Alizoea kusema kwamba kila kijana amfunze kana kwamba ndiye atakayemwoa binti yake. Wazazi wetu wataielewa kauli hii bila kufasiriwa. Mtu hamwangalii mkwe mtarajiwa kwa mbio zake tu. Anaangalia kama ataweza kusimama siku ambayo mbio zimekwisha.

Lakini ubora wa shule ndogo haujulikani wenyewe. Hapa kuna sehemu ya maisha haya ambayo inatuhusu sisi wa lugha zaidi ya wengine, na ambayo wapenda mpira huipita haraka. Mwaka 1948 Grambling ilimwajiri Collie Nicholson, aliyesoma hapo hapo kisha akawa mwandishi wa habari katika jeshi la wanamaji wakati wa vita. Kazi yake ilikuwa kuandika. Kwa miaka 30 alituma habari za Grambling kwa magazeti ya Weusi nchini kote: michezo, majina, mahali vijana walikotoka. Magazeti makubwa ya Weupe hayakutuma waandishi katika kijiji cha Louisiana, lakini habari zilikuwa zimekwisha andikwa vizuri, na mtu yeyote angeweza kuzichapa. Mwaka 1968 Grambling ilicheza na Morgan State katika Yankee Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Mwaka 1976 timu hizo mbili zilicheza Tokyo. Robinson alijenga timu. Nicholson alimjulisha ulimwengu kwamba timu ipo. Ninapowasikia wenzangu wakisema kwamba mtu wa lugha hana kazi ya maana nje ya darasa, ninamfikiria Nicholson akiwa mbele ya mashine yake ya chapa.

Matunda yalionekana kidogo kidogo. Mwaka 1949 Paul Younger, aliyeitwa Tank, alisajiliwa na Los Angeles Rams. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha Weusi kucheza NFL. Mwaka 1963 Buck Buchanan alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika mgao wa wachezaji wapya wa AFL, ligi iliyoungana baadaye na NFL. Kwa jumla wachezaji zaidi ya 200 wa Robinson waliingia katika ligi za kulipwa. Wanne kati yao, Willie Davis, Willie Brown, Charlie Joiner na Buchanan mwenyewe, wamo katika jumba la heshima la mchezo huo.

Hata hivyo nafasi moja ilibaki imefungwa: ya kwotabeki. Kijana Mweusi aliyeicheza vizuri chuoni, alipofika katika ligi ya kulipwa aliambiwa abadilishe nafasi. Akimbie, adake, azuie. Nafasi ya kufikiri, ya kuwaagiza wengine kumi, ilidhaniwa kuwa ya Mweupe. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1960 mtangazaji Howard Cosell alimwuliza Robinson kwa nini Grambling, iliyotoa wachezaji wengi hivyo, haijatoa kwotabeki. Robinson alirudi nyumbani akiwa na swali hilo, na akaanza kumwandaa kijana wa Monroe, Louisiana, aliyeitwa James Harris.

Alimwandaa kwa miaka minne. Timu ya Grambling ilijifunza kucheza kwa mtindo wa ligi ya kulipwa, ili siku Harris atakapofika huko asije akaambiwa kwamba mchezo wake ni wa kijijini. Harris amesimulia ushauri aliopewa na kocha wake alipokuwa akiondoka: mambo hayatakuwa ya haki, lakini ukirudi, usiniambie kwamba umeshindwa kwa sababu wewe ni Mweusi. Kwa msomaji wa leo maneno hayo yanaweza kuonekana makali, hata ya kumlaumu anayeonewa. Mimi ninayasikia tofauti. Robinson hakukana kwamba ubaguzi upo. Alianza kwa kuutaja. Alichokataa ni kumpa kijana sababu ya kushindwa iliyotayarishwa kabla hajajaribu. Mwaka 1969 Harris alianza msimu kama kwotabeki wa Buffalo Bills, jambo ambalo hakuna Mweusi aliyekuwa amelifanya katika ligi za kulipwa za zama hizo.

Baada yake akaja Doug Williams, kijana wa Zachary, Louisiana, aliyecheza Grambling tangu 1974 hadi 1977. Tarehe 31 Januari 1988 Williams aliiongoza timu ya Washington katika Super Bowl, fainali ya NFL, dhidi ya Denver. Washington ilianza kwa kuachwa nyuma alama 10. Katika robo ya pili Williams alirusha pasi nne za kufunga, na Washington ikapata alama 35 kabla ya mapumziko. Mchezo uliisha 42 kwa 10, na Williams akatajwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Hakuna aliyeweza tena kusema kwamba nafasi ile si ya Mweusi. Kutoka swali la Cosell hadi jioni ile ilipita miaka zaidi ya 20.

Sisi wa Kiswahili tunaijua amri ya kubadilisha nafasi. Tunaambiwa kwamba lugha hii inafaa kwa soko, kwa kwaya, kwa madarasa ya kwanza ya shule ya msingi mashariki na kusini mwa nchi. Lakini unapotaka kuandikia sheria, hesabu au tasnifu, upishe, waje wengine. Katiba yetu inaitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Nilichojifunza kwa Robinson ni kwamba nafasi haipatikani kwa kuidai peke yake. Mtu anaandaliwa kwa miaka minne, katika mahali padogo, kwa kiwango cha mahali pakubwa, mpaka siku ya kupimwa asiwe na pengo. Tasnifu moja ya fizikia iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka ingefanya kazi kubwa kuliko hotuba zetu nyingi za kuitetea lugha.

Nisingependa kumfanya Robinson awe mtakatifu. Mwaka 1967 wanafunzi wa Grambling waligoma. Walilalamika kwamba chuo chao kimekuwa na jina kwa ajili ya mpira, huku masomo yakiachwa nyuma, na baadhi yao wakafukuzwa. Niliposoma habari hiyo niliweka kalamu chini. Ningekuwa mwanafunzi wa fasihi hapo Grambling mwaka ule, nikiona maktaba na nikiona uwanja, huenda ningekuwa kati ya waliogoma. Robinson aliamini nchi yake kwa moyo wote, na wengine walimwona mpole mno katika miaka ambayo vijana waliandamana barabarani. Yeye alikuwa na njia moja ya kupigania haki, kumwandaa mtu mmoja mmoja. Njia hiyo haiwafikii wote. Wanafunzi wasiocheza mpira walikuwa na haki ya kuuliza ni nani anayepita mlangoni mwao na kengele alfajiri.

Tarehe 5 Oktoba 1985, mjini Dallas, Grambling iliifunga Prairie View A&M 27 kwa 7. Ulikuwa ushindi wa 324 wa Robinson, na kwa ushindi huo alimpita Paul Bryant wa Alabama, aliyekuwa na 323. Watu hao wawili walilelewa katika umaskini wa kusini mwa Marekani, wote walicheza kabla ya kufunza, wote walikuwa wakali. Lakini walifanya kazi katika nchi mbili ndani ya nchi moja. Timu ya Bryant haikuingiza Mweusi uwanjani mpaka mwaka 1971.

Tarehe hiyo ya 1971 ndiyo iliyonifanya nielewe uchungu wa mwisho wa safari ya Robinson. Vyuo vikubwa vya Weupe vilipofungua milango, vilikuwa na viwanja vikubwa, televisheni na fedha. Kijana mwenye kipaji kutoka kijiji cha Louisiana, ambaye zamani angekwenda Grambling kwa kuwa hakuruhusiwa kwingine, sasa aliweza kuchagua. Wengi walichagua kwenda huko, na nani angewalaumu? Robinson alikuwa ameutumia ujana wake kuthibitisha kwamba vijana hawa wanaweza kucheza popote. Alipofaulu kuthibitisha, wakaenda popote.

Ushindi wa 400 aliupata mwaka 1995, lakini misimu yake mitatu ya mwisho ilikuwa na michezo aliyoshindwa mingi kuliko aliyoshinda. Mwishoni mwa 1996 kulikuwa na waliotaka aondoke mara moja. Watu wengi nchini walipaza sauti, na akaachiwa msimu mmoja wa kuaga. Mchezo wake wa mwisho, Novemba 1997 mjini New Orleans, aliupoteza mbele ya Southern University, 30 kwa 7. Hesabu yake ilifungwa hivi: ushindi 408, kushindwa 165, sare 15. Mwaka uliofuata kiti chake kilichukuliwa na Doug Williams.

Hesabu zenyewe zimekwisha kupitwa. Mwaka 2003 John Gagliardi, kocha wa chuo kidogo huko Minnesota, aliivuka 408. Robinson mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, aliugua ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu, na akafariki tarehe 3 Aprili 2007 akiwa na miaka 88. Alikuwa akipenda kusema kwamba rekodi yake ya kweli ni kuwa na kazi moja na mke mmoja kwa zaidi ya miaka 50. Alimwoa Doris mwaka ule ule wa 1941 alipoanza kazi.

Kwa nini basi nimechagua neno mwalimu? Asistanti alitaka sababu, nami ninatoa mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Katika Kiswahili kocha ni mtu wa timu: timu ikishindwa huondolewa, na akiondoka hubaki jina lake katika orodha ya matokeo. Mwalimu ni mtu wa mtu. Mwanafunzi wa zamani humwita mwalimu hata akimkuta sokoni baada ya miaka 30, hata kama shule ilifungwa zamani. Waliocheza kwa Robinson waliendelea kumtaja hivyo, kama mtu aliyewafanya wawe hivi walivyo, na wengi wao hawakufika NFL kamwe.

Sababu ya pili ni ya hatari ya kazi yenyewe. Kocha akifaulu, wachezaji wazuri zaidi humjia. Mwalimu akifaulu, wanafunzi wazuri zaidi humwondokea. Robinson alianza akiwa kocha wa kwanza na akamaliza akiwa mwalimu wa pili, na kwa maoni yangu vipigo vya misimu ile ya mwisho ni sehemu ya mafanikio yake, ingawa vilimwuma.

Sijaandika haya kwa udadisi tu. Mimi niko mwaka wa mwisho, na kuna mambo mawili mbele yangu. Mjomba wangu wa Kolwezi amenipatia ahadi ya kazi ya ukalimani katika kampuni ya madini. Kwa upande mwingine, prefe wa sekondari moja ya wilayani amenipa saa za Kiingereza na za Kiswahili. Shule hiyo ina vyumba sita na walimu wengi ambao bado hawajamekanizwa. Wanaishi kwa kile ambacho wazazi wanachanga, na mwezi ambao mahindi hayakuuzwa hakuna mchango. Mjomba aliponisikia, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ualimu ni kazi nzuri. Lakini mama yako atakula uzuri?" Nilimjibu, "Mjomba, swali lako ni la haki." Sikuwa na jibu jingine, na sitaki kujidai kwamba maisha ya Robinson yamenipa. Tusisahau kwamba yeye alikuwa na rekta aliyemlinda kwa zaidi ya miaka 30, na mshahara uliofika kila mwezi, mdogo lakini wa hakika. Anayemwambia mwalimu wa Kongo ajitolee kama Robinson, bila kumpa kile alichopewa Robinson, anamdanganya.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa kitivo chetu ni kidogo na kinawezekana. Tunajua idadi ya waliotoka hapa wakafika Ubelgiji, Afrika Kusini au Kanada. Majina yao hutajwa kila siku ya kufungua mwaka. Hakuna daftari la waliokwenda kufundisha Kasenga, Pweto au Manono, wala la wanafunzi wao waliokuja kuketi kwenye madawati haya haya. Tulifungue daftari hilo. Na liandikwe vizuri, kama Nicholson alivyoandika, ili mtu wa mbali asiyeweza kufika huko ajue kwamba kazi inafanyika.

Nami nimemwandikia prefe kwamba nitafika Septemba, kwa mwaka mmoja kwanza. Mjomba amekubali kuulizia kama kampuni inaweza kunipa kazi ya kutafsiri karatasi wakati wa likizo. Prefe amejibu kwa ujumbe mfupi: darasa la nne lina wanafunzi 61, kitabu cha Kiingereza kipo kimoja, na je, ninajua pia kufunza mpira?